Siku Kadi Ilipojaa Ngulyati

Mume wangu alikuwa na studio ndogo ya picha karibu na soko la Bariadi. Miaka yote tulitumia filamu, tukizituma Mwanza kusafishwa. Biashara ilipofunguka na vitu vya Dubai kuanza kufika hadi kwetu, akarudi kutoka Dar na kamera ndogo ya dijitali.

"Wewe piga tu, mama," aliniambia. "Ukikosea, unafuta."

Basi nikapiga! Harusi ya binamu yangu kule Ngulyati nilienda peke yangu, na tangu asubuhi kidole hakikutulia. Nilipiga picha mashamba ya pamba, masufuria ya pilau, ng'ombe wa mahari mmoja mmoja, hata bata aliyenikimbiza uani. Halafu bi harusi akiwa mlangoni, vigelegele vimepamba moto, kamera ikagoma. Kadi yake ya kuhifadhia picha imejaa.

"Ngojeni!" nikapaza sauti. "Mrudisheni ndani, nifute kidogo!"

Nikachuchumaa ukutani, nafuta picha moja moja. Shangazi yangu akachungulia juu ya bega langu.

"Huyo si mimi?"

"Ni wewe, shangazi, ila umefumba macho."

"Ndiyo unifute? Nilikuwa nasali!"

"Ulikuwa unatafuna, shangazi."

Wanawake wakaangua kicheko, na uwanja mzima ukanihamia. Kila mtu alitaka kujua nani anafutwa. Baba wa bwana harusi, mzee mpole aliyevaa koti zito juani, akapenya hadi mbele.

"Ng'ombe zangu usiguse," alisema.

"Mzee, huyu mwekundu nimempiga mara nyingi mno."

"Sawa, lakini kila upande ana sura yake."

Nilicheka hadi nikakaa chini vumbini. Ndipo bi harusi mwenyewe akatoka, gauni kalikunja mkononi, shela kaitupa nyuma.

"Lete nione. Bata? Bata kaalikwa na nani? Futa! Na hii nimejipaka mafuta uso mzima, mayu wee, futa kabla mwenzangu hajaiona!"

Akafuta mwenyewe, picha baada ya picha, akicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Nafasi ilipopatikana akarudi ndani, akatoka upya, na vigelegele vya mara ya pili vikazidi vya kwanza. Nikapiga watu wote wakiwa meno nje, na mzee wa koti zito kashika mbavu.

Kesho yake mume wangu alihamishia picha kwenye kompyuta, kisha akanionyesha jinsi ya kufuta kadi yote kwa mpigo. Tangu hapo sikutoka nyumbani na kadi yenye mzigo. Ila siku ile alizirudia picha zangu moja moja. Kwenye picha zake za harusi za filamu watu walisimama wima kama wako mahakamani.

"Hawa uliwapa nini?" akauliza.

Ile ya bi harusi aliichapisha kubwa, akaibandika dirishani mwa studio. Ilikaa pale hadi jua likaigeuza rangi ya bluu.