Waya wa Nguo wa Ploti Yetu

Mtu akiniuliza Mama Elsie alikuwa mtu wa namna gani, humwambia alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Jina lake Phelister, mjane kutoka Siaya. Kila asubuhi alitoka hapa Kayole akaenda Kariokor kushona viatu vya ngozi, na vidole vyake vilikuwa vimeota sugu za sindano. Hakuwa na maneno mengi. Ukimwambia jambo mara moja, yatosha.

Sasa sikia upumbavu wetu. Juu ya paa la ploti, hili jengo letu la kupanga, kuna waya za kuanikia nguo. Mwenye ploti alitaka taa huko juu kwa sababu ya wezi wa nguo. Badala ya kuita fundi wa maana, akamwambia Muriuki, keateka anayetuangalizia ploti, apitishe kebo ya stima juu ya waya wa nguo na kuifunga kwa vipande vya nailoni. Jua likaila ile kebo mpaka ikachubuka. Ukianika nguo mbichi, waya ukawa unauma.

Mtu mwenye akili angezima swichi kubwa na kukataa iwashwe mpaka kebo ing'olewe. Sisi tukanunua ndara. Wallahi, ndara! Kila mama alikuwa na ndara zake za mpira za kuanikia, na mpangaji mpya akishaingia tulimfundisha, kama unavyomwonyesha mtu choo kilipo. Ukirushwa na stima tulikucheka, tukakuuliza ndara uliziacha wapi. Mara mbili nilimwambia Muriuki aiondoe. Akanijibu kwamba kama ploti hainifai, Kayole ina nyumba nyingi. Nikanyamaza. Mimi, ninayegombana na soko zima kwa sababu ya nyanya moja iliyooza, nikanyamaza. Mazoea yana taabu.

Mama Elsie nilimfundisha mimi mwenyewe, wiki ya kwanza. Akafuata. Shuka, mapazia, blanketi, vyote alianika na ndara miguuni.

Isipokuwa kanzu. Alisali katika kanisa la kanzu nyeupe, wale wanaovua viatu wakiomba, na kwake kanzu ya ibada haikushikwa na mtu aliyevaa viatu, hata ndara, hata ikiwa inafuliwa. Hilo sikulijua. Hakuna aliyelijua, maana hatukuwahi kumuuliza.

Jumamosi moja, saa tisa mchana, nikasikia beseni likianguka huko juu. Nikapanda mbio. Nilimkuta ameung'ang'ania waya, kanzu imemwangukia begani, miguu mitupu ndani ya maji. Ndara alikuwa ameziacha mlangoni, amezipanga vizuri. Muindi, jirani yangu, alitaka kumshika amvute. Nikamsukuma nyuma, nikamwambia akimgusa watakufa wawili, ashuke azime swichi kubwa. Akashuka akaizima. Mama Elsie akaanguka chini, na tulipofika kwake alikuwa ameshakufa.

Jioni hiyo kebo iling'olewa. Muriuki alipanda na koleo moja, akamaliza kwa dakika kumi. Dakika kumi tu, jamani. Nilisimama pale nikimwangalia akiikunja, nikamchukia, na nikajichukia zaidi, kwa sababu koleo hata mimi ninalo nyumbani.

Baada ya mazishi Elsie alirudi kuchukua vyombo. Ni binti wa miaka ishirini, alikuwa amerudi chuoni kesho yake baada ya wao kuhamia. Nikamsaidia kufunga masufuria. Akaniuliza, bila kunitazama, kama nilijua kwamba ule waya ulikuwa na stima. Ningeweza kudanganya. Nikamwambia ndiyo, tulijua sote, hata kabla hawajahamia.

Akaketi kitandani. Nilingoja alie, hakulia.

"Mama Koki," akaniambia, "si ni nyinyi mlitusaidia kupandisha hiki kitanda siku tunahamia? Mngetuambia tu hapo kwa ngazi. Tungekishusha, tukaenda zetu."