Mshipa wa Mwisho wa Mzee Kimotho

Jina la Sindano Moja, Nelima alipewa na watu wa mtaa wa Kawangware 56, na alilipokea kwa unyenyekevu wa uongo, wa kusema "mnanipamba tu" huku akingoja wampambe zaidi. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiwatoa wagonjwa damu ya kupima katika kliniki iliyo juu ya duka la hardware, na kwa hesabu yake mwenyewe hakuwa amemdunga mtu mara mbili. Wanene, wembamba, watoto wa kurusha mateke, mafundi wenye mikono iliyokomaa kwa saruji, wote aliwafunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa kwa kidole kimoja huku akitazama dirishani, na chupa ilikuwa inajaa kabla mgonjwa hajamaliza kuuliza kama itauma.

Sehemu nyingine za kazi hazikuwa na sifa kama hiyo. Kila asubuhi alitoka Kianda, Kibera, akiwa ameoga na kujipaka vizuri, na kufikia saa tatu alikuwa ameshapokea choo kilichofungwa ndani ya mifuko minne, kiasi cha kupandia shamba, ilhali alikuwa ameomba kipande kidogo cha kuchota kwa kijiti. Wapo walioleta mkojo katika chupa ya soda, lebo ikiwa bado imebandikwa. Mzee mmoja wa kuuza makaa aliuleta katika thermos, akaeleza kwamba hakutaka upoe njiani ukapoteza nguvu. Nelima alimshukuru, akavaa glavu, akamimina. Watu wanacheka kazi hii mpaka siku wanapoihitaji, na siku hiyo hakuna anayecheka.

Siku ya Mzee Kimotho ilikuwa Jumatatu. Huyu alikuwa na ploti ya vyumba kumi na vinane mtaa wa pili kutoka steji ya matatu, ardhi aliyoachiwa na baba yake, na wapangaji wake hawakumpenda sana. Maji aliyafungua kwa mkono wake mwenyewe, Jumatatu na Ijumaa, na mgeni aliyelala zaidi ya siku mbili alijulikana kabla hajaomba chai. Sasa aliletwa kliniki akiegemea fundi wa baiskeli, mguu wa kushoto umevimba mpaka gotini, mwekundu, wa moto. Daktari Osewe aliutazama mara moja akasema mgonjwa alazwe hospitali.

"Silazwi," alisema Mzee Kimotho. "Mke wangu, Mama Wangoi, aliingia huko kwa siku tatu. Nilimtoa kwa sanduku."

Osewe hakupenda, lakini alimjua. Walielewana hivi: dawa ya kuingia kwenye mshipa, asubuhi na jioni, siku tano bila kukosa. Ikikoseka, mzee alazwe akipenda asipende, na akikataa tena, mguu huo huenda ukakatwa. Nelima ndiye angeweka kanula, ule mrija mdogo wa plastiki unaobaki ndani ya mshipa ili mtu asidungwe upya kila mara.

Alimdunga mkono wa kulia, akakosa. Akadunga tena, mshipa ukakimbia. Akahamia kushoto, ukapasuka. Benchi la wagonjwa lilikuwa upande wa pili wa pazia, na pazia la kitambaa halizuii hesabu.

"Hiyo ni ya tatu," alisema mwanamke mmoja huko nje, bila hata kushusha sauti.

"Leo ameamka vibaya."

Nelima alihisi masikio yanawaka. Ya nne aliingiza karibu na kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole gumba, katika kamshipa ambako mtu mwingine angekaita kivuli, na damu ikaonekana. Akabandika plasta, akafunga bandeji, akakata ncha ya soksi safi na kuivalisha juu ya yote. "Mzee, sikia. Mishipa yako imeisha. Hii ndiyo imebaki. Usilowe, usibebe kitu, usisalimie mtu na mkono huu."

"Mimi ndiye husimama mlangoni kanisani. Nisalimie watu na nini?"

"Na mdomo."

Mguu haukumruhusu kutembea, kwa hivyo Nelima alikubali kumfuata nyumbani. Asubuhi alipitia kwa mzee kabla ya kazi, jioni kabla ya kurudi Kibera. Alisukuma maji ya chumvi kwanza kusafisha mrija, kisha dawa polepole, kisha maji ya chumvi tena. Dakika ishirini hivi. Lakini Mzee Kimotho alianza kuwasha jiko nusu saa kabla hajafika, na kufikia Jumatano dakika ishirini zilikuwa saa nzima. Kulikuwa na chai, na viazi vitamu, na habari za kila mpangaji aliyewahi kuhama na balbu. Kanula aliiita mpangaji.

"Huyu wako amelala vizuri," alisema, akiinua soksi. "Ndiye wa kwanza nimeshindwa kumtoa."

"Ukimtoa unaenda hospitali, mzee."

"Ndio maana namheshimu."

Nelima alicheka, na alipokuwa akishuka kuelekea stejini aligundua kwamba alikuwa anaingojea ile chai tangu saa nane. Nyumba ya mzee ilikuwa na viti sita vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma na hakuna aliyevikalia. Wangoi, binti yake, alipiga simu kutoka ng'ambo kila Jumapili. Siku nyingine simu ilikaa mezani tu, ikiwa na chaji asilimia mia.

Ploti nayo haikukosa maelezo kuhusu ile soksi. Wengine walisema mzee ameumwa na nyoka. Wengine walisema amewekewa mtambo wa kuhesabu wageni wanaolala, na usiku huo vyumba viwili vilisindikiza wageni wao mapema. Ni Mama Billy wa chumba nambari moja, kiongozi wa maombi, aliyeenda kumuuliza Nelima langoni. Nelima akamweleza bila kuficha: mzee ana mshipa mmoja tu uliobaki, na dawa yote inapitia hapo. Alidhani amemaliza uvumi.

Alhamisi jioni alikuta viatu jozi sita nje ya mlango wa mzee. Ndani, wanawake sita walikuwa wanamalizia wimbo, vile viti vyote vimekaliwa, na Mzee Kimotho alikuwa katikati kwenye kiti chake, kichwa kinang'aa, mguu unang'aa, na soksi iko mezani. Mama Billy alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya upako. Ilikuwa tupu.

"Mmepaka wapi?" aliuliza Nelima.

"Kila mahali. Lakini hapa ndio tumeweka sana," alisema Mama Billy, akionyesha kanula. "Si wewe ulisema dawa yote inapitia hapo? Tukaona tuombee mlango."

Plasta ilikuwa imejikunja yenyewe na kuanguka. Kanula ilikuwa imeteleza nje nusu ya urefu wake, na chini ya ngozi palikuwa pameanza kuvimba. Nelima alijaribu kusukuma maji ya chumvi tone moja, mzee akakunja uso. Basi. Ilibidi aitoe kabisa.

"Mama Billy, plasta haishiki kwa mafuta."

"Sasa tungejuaje? Ungetuambia."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimkasirisha Nelima zaidi. Aliorodhesha yote mzee asifanye, na upako haukumjia akilini, yeye binti wa mchungaji wa Bungoma. Alimpigia Osewe. Dozi tatu zilikuwa zimebaki. Osewe alisema ajaribu mara moja tu, na asipopata, gari la kumpeleka hospitali lije saa hiyo hiyo.

"Mimi siendi," alisema Mzee Kimotho. Safari hii hakusema kwa ukali. Alisema polepole akitazama mguu wake, na Nelima akaona kwamba mzee anaogopa. Yeye pia aliogopa. Kwa miaka kumi na mmoja mikono ya watu ilikuwa mikono tu, na huu wa mzee alikuwa ameshaujua, pamoja na kovu lake la panga na saa yake iliyosimama.

"Umekunywa maji leo?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si maji. Mama Billy, nataka maji ya moto. Si ya kuchoma, ya vuguvugu, ya kuamsha mishipa. Mengi. Na sabuni."

Wanawake walitazamana. Ilikuwa Alhamisi, na mfereji ulikuwa mkavu tangu Jumatatu mchana. Kila mtu chumbani alijua ni kwa nini, hata mwenye mfereji. Mama Billy alitoka na wenzake. Wakarudi mmoja mmoja na masufuria na beseni, na nyuma yao wanaume waliokuwa wametoka kazini wakibeba mitungi iliyokuwa imebakisha ya chini chini. Mtu wa chumba nambari tisa, ambaye hakuwa akisemezana na mzee tangu mwezi wa pili kwa sababu ya mgeni, alileta yake ambayo yalikuwa yameshachemshwa kwa ajili ya ugali.

"Haya maji yote yametoka wapi?" aliuliza Mzee Kimotho.

"Kwa nyumba," alisema Mama Billy. "Ingiza mkono, mzee."

Wakamsugua mafuta yakatoka. Wakamnywesha vikombe vinne, akalalamika kwamba atakojoa mpaka asubuhi, akajibiwa kwamba Nelima ana chupa. Mikono miwili ikazama kwenye beseni, mwanamke mmoja akipunguza maji yaliyopoa, mwingine akiongeza ya moto. Baada ya robo saa Nelima aliuning'iniza mkono wa kushoto chini ya kiti, akafunga mpira, akapapasa. Hakutazama dirishani. Kidole chake kilipita penye kovu, kikarudi, kikasimama. Palikuwa na kitu hapo, kidogo, kinachonesanesa.

"Nyamazeni," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

Aliingiza. Kwa muda hakuna kilichotokea, na aliwaza gari, na geti la hospitali, na mzee akilia mbele ya watu. Kisha damu ikapanda kwenye kichumba cha kanula, nyekundu, bila haraka. Nelima alisukuma maji ya chumvi, yakapita. Akasukuma dawa, ikapita. Alipomaliza kufunga ndipo alipogundua kwamba amekaa sakafuni kwenye maji na sketi imelowa.

"Ni yale mafuta," alisema Mama Billy. "Yalikuwa yameshaingia."

Usiku kucha na kesho yake Mama Billy aliweka kiti mlangoni akalinda mkono ule mwenyewe, na mchungaji wa mzee alipokuja kumjulia hali aliambiwa asalimie kutoka nje.

Ijumaa jioni Nelima alitoa dozi ya mwisho. Mguu ulikuwa umerudi kuwa mguu, na mzee alikuwa amevaa viatu vyote viwili ili Nelima avione. Mfereji ulikuwa umefunguliwa tangu alfajiri na bado ulikuwa wazi, kelele za ndoo zilikuwa nyingi hata ikabidi waongee kwa sauti. Nelima alibandua plasta taratibu, akaitoa kanula, akaweka pamba.

"Bonyeza hapa dakika tano, mzee."

"Mkono wangu hauna nguvu. Bonyeza wewe."

Akabonyeza. Chai ilikuwa tayari mezani. Mzee akauliza kama kesho atapitia.

"Kesho hakuna dawa, mzee. Umepona."

"Eeh." Akatazama mlango. "Ni vizuri."

Wakakaa. Dakika tano zikapita, halafu nyingine tano, na ndoo zikazidi kugongana huko nje.

"Imekauka?" aliuliza Mzee Kimotho.

Nelima aliinua pamba akachungulia. Palikuwa pakavu kabisa, na huenda palikuwa pakavu kitambo.

"Bado," alisema, akairudisha pamba na kuendelea kubonyeza.