Shikamoo Niliyoitoa Bustanini

Wiki hii nimepata kibarua hapa Scarborough, Kanada, kupunguza vichaka vya ua mbele ya maghorofa. Majani yale yakikatwa hutoa harufu chungu, na harufu hiyo ilinirudisha kwenye bustani za kasri la mfalme wa zamani, nje ya Paris, nilipokuwa mtoto, mimi na mama tukiwa njiani kuja huku Kanada.

Mama alitandika khanga kwenye nyasi, kando ya vichaka vilivyokatwa mviringo kama mipira. Akapanga sambusa, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Siku hiyo alikuwa amepaka wanja. Mimi kazi yangu ilikuwa kuuliza. Nani anavikata hivi? Mfalme alikuwa anakojoa wapi?

"Hebu nyamaza, wewe," mama alicheka. "Leo tuna mgeni. Anaishi huku. Huenda kesho tukaondoka naye."

Mgeni akaja na koti refu, akabaki amesimama. Mama akanisukuma mgongoni. "Haya, msalimie."

Nilikuwa nimefundishwa kwamba mwanamume wa kwetu nisiyemjua huitwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

Mama aliacha kutabasamu. "Mwambie," alimwambia yule mtu, taratibu. "Mwambie wewe ni nani wake."

Yule mtu aliinama akanitazama. Pua yake ilikuwa pua yangu, hata mimi niliona. Kisha akaniwekea mkono kichwani.

"Marahaba, mjomba," akaitikia.

Kesho yake tulipanda ndege, mama na mimi.