Jicho la Nefise

Mimi na Nefise tulikanda udongo pamoja katika karakana ya mizinga hapa Edirne, tukiuchanganya na manyoya ya mbuzi na kuukanyaga mpaka magoti yatuume. Udongo huo ndio uliofanywa kalibu za kumiminia shaba. Hodari kama yeye sikumwona. Ila Mungu alimpa macho ya buluu, na kwetu macho hayo ni kijicho kitupu; yakikitamani kitu, kinaharibika. Mbuzi wa jirani akikauka maziwa, Nefise. Mkate ukiungua, Nefise. Siku za kumimina shaba alifukuzwa mapema kuliko mbwa.

Mwaka ule Sultani alitaka mzinga wa kubomoa ukuta wowote. Kalibu yake ilikuwa kubwa ajabu, ikasimamishwa shimoni. Mvua ikanyesha wiki nzima, na watu wa ikulu hawakukoma kumhimiza Fundi Saruja, mkuu wa karakana. Turali, mume wa Nefise, ndiye aliyepangiwa kusimama ukingoni na kuzibua tanuri ili shaba itiririkie kalibuni.

Asubuhi ya siku ya kumimina, kabla hawajamfukuza, Nefise alinivuta kando.

“Shoga, kalibu mbichi. Nimepitisha mkono kule chini, baridi tupu.”

Shaba iliyoyeyuka ikikutana na unyevu hulipuka, na aliye ukingoni haponi.

“Mwambie Fundi Saruja!”

“Mimi? Nikisema mbichi, watasema nimeiloga. Watanitimua, halafu watamimina.”

“Na Turali?”

“Nimemwambia. Kasema nifumbe mdomo, na macho pia.”

Tanuri lilikuwa linanguruma, Turali keshashika mtaimbo. Mara nikamwona Nefise anapenya katikati ya wanaume, ushungi umemwanguka. Akasimama ukingoni mwa shimo, akayatoa macho yake yote mawili.

“Lo! Kalibu gani hii! Sijaona kitu kizuri hivi tangu nizaliwe!”

“Sema Mashaallah, mwanamke!” Fundi Saruja alifoka.

“Ya nini? Acha niimezee mate.”

Wakamburuta nje. Lakini nani angethubutu kumimina tena? Fundi aliamuru makaa ya moto yashushwe ndani ya kalibu pamoja na mbegu za kufukiza, usiku na mchana, mpaka jicho litoke. Mvuke mweupe ukafuka kutoka chini.

“Mnaona?” watu wakanong’ona. “Linatoka hilo!”

Lilitoka siku nyingi. Kisha shaba ikamiminwa, ikatulia kama maziwa kwenye bakuli.

Jioni hiyo Turali alirudi nyumbani na masizi usoni, akaweka furushi la Nefise nje ya mlango na kumpa talaka mbele yetu majirani. Nilishindwa kuvumilia.

“Turali, udongo ulikuwa mbichi! Kakuokoa!”

“Ulikuwa mkavu,” akanijibu, “mpaka yeye alipoutazama.”

Nefise alimsogelea. Alimkagua mikono, shingo, uso.

“Hukuungua popote?”

“Sikuungua.”

“Haya,” akasema, akajitwika furushi lake.