Sahani ya Muosha Mavi

Wifi yangu anaosha mavi. Simsingizii. Ni dada wa mume wangu, ana akili zake timamu, na kila siku ya kazi hukaa kwenye kibanda nyuma ya kituo cha hifadhi ya msitu akiosha mavi ya chui, kanu, fungo na nguchiro. Watafiti wanataka kujua wanyama gani walao nyama wamebaki msituni na wanakula nini, na jibu, kumbe, limo humo. Anayatia kwenye soksi ndefu za nailoni, anafunga fundo, anayakamua kwenye maji moto mpaka zinabaki nywele na vipande vya mifupa. Soksi zenyewe aliniomba mimi. Nilimpa, na tangu hapo sijavaa soksi tena.

Mtu huyo analala chumba cha nyuma, nyumbani kwangu. Siku nyingine kazi yake ni kufunga mitini makopo yaliyotobolewa, yenye samaki waliooza, mbele ya kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama akija kunusa. Akirudi siku hizo, paka wa jirani humsindikiza hadi mlangoni. Mimi si mtu wa kuficha kinyaa. Nilimtengea ndoo yake, taulo lake, na sahani ya bati ya bluu iliyobanduka rangi, isije ikachanganyika na zetu. Hakuninunia hata siku moja. Alikula kwenye sahani hiyo huku akinieleza tofauti ya nywele za kanu na za fungo, nami nikijikaza nisitapike.

Aliyempa sikio ni mume wangu, fundi baiskeli. Alitaka kujua makopo yamefungwa wapi, kamera zinatazama upande gani, fungo wanapenda kopo lipi. Wifi akafurahi kupata msikilizaji. Kazini walishaonywa kwamba atakayetoboa siri ya mahali pa kamera hana kazi, lakini kwake kaka ni kaka.

Halafu wifi akaanza kurudi mnyonge. Kopo la bondeni limekufa, alisema, fungo hawaji tena na mkubwa wake analalamika. Siku hizohizo nyumbani nyama ikawa haikatiki. Mume wangu alidai kuna rafiki yake mwenye bucha anayemwachia mabaki ya mbuzi. Alipika mwenyewe, kwa tangawizi na vitunguu saumu vya kuwasha macho, na mimi mjinga nikawatambia majirani kwamba nina mume anayeingia jikoni.

Jioni moja wifi aliacha kutafuna. Alichomoa kitu kwenye kiungo cha mfupa, akakipangusa kwenye ukingo wa sahani yake ya bluu, akakinyoosha kwa kidole. Ulikuwa unywele mgumu, mweusi, wenye mkanda mweupe katikati, uliosalimika kwenye moto wa kubabulia.

"Kaka," alisema taratibu, "huyu mbuzi umemtoa kwenye kopo la bondeni?"

Mume wangu alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Kumbe alikuwa akitega fungo kwa nyaya za breki nyuma ya mti, kamera isikofika.

"Nyama ni nyama," alisema. "Na wewe, muosha mavi, leo ndiyo unaona kinyaa?"

"Mavi hayajawahi kunidanganya," wifi alijibu, akatoka nje kutapika. Nilimfuata, lakini si kwa kumsaidia. Matapishi yangu yalitangulia yake.

Asubuhi wifi alifunika sufuria la nyama iliyobaki, akaliweka kapuni. Mume wangu alisimama mlangoni akimbembeleza: akienda kusema kazini, atakayefukuzwa kwanza ni yeye, maana makopo yale nani mwingine aliyeyataja? Wifi alisema anajua, akampita.

Mchana alirudi na aproni yake mkononi. Kazi imekwisha. Mume wangu ameitwa kituoni kesho, na hadi jioni alikuwa akilalamika kwamba dada yake hana haya, eti amemuuza kwa ajili ya mnyama anayenuka.

Nikaandaa chakula, mboga tupu. Wifi nilimpakulia kwenye sahani ya kaure, ile ya wageni. Ya bluu nikaiweka mbele ya mume wangu. Aliitazama, akanitazama mimi, akauliza yake iko wapi.

"Ndiyo hiyo," nikamwambia. "Na ndoo yako iko nje."