Faida ya Mkurugenzi

Shemeji yangu hupaka rangi. Nalisema hili mapema kwa sababu ukimuuliza mwenyewe utapewa hotuba: yeye ni mkandarasi wa umaliziaji wa majengo, ana kampuni, na kadi yake ya biashara ina herufi za dhahabu zinazobanduka ukizisugua kwa kidole gumba. Mtaani wanamwita Mkurugenzi. Walianza kumwita hivyo kwa kumcheka, yeye akalipokea jina kwa mikono miwili, na sasa usipomwita hivyo anachelewa kugeuka.

Sitamnyima haki yake. Mkono anao. Pale ukuta unapokutana na dari, ambapo mafundi wengine hubandika utepe kwanza ndipo wapitishe brashi, yeye hupitisha brashi kwa mkono mtupu na mstari unatoka umenyooka. Nimewahi kusimama mlangoni kumwangalia, nikasahau kwa muda kwamba simpendi. Lakini kazi ya mkono aliiona ndogo. Aliposajiliwa kuwa mkandarasi alinunua kofia ngumu ya njano, akawa anaivaa mpaka dukani anapofuata mkate, utadhani dari ya muuza mkate ilikuwa imepanga kumwangukia yeye.

Mimi ni dada mkubwa wa mke wake. Mdogo wangu ana chumba cha kushonea nyuma ya nyumba waliyopanga. Mimi nakata vitambaa, yeye na wasichana wawili tuliowaajiri wanashona: sare za shule, mashuka ya zahanati, mapazia mtu akiagiza. Si kazi ya kutangaziwa watu, lakini cherehani zetu nne hazikai kimya, na nyumba ile inakula, inavaa na inalipa pango kwa cherehani hizo. Mkurugenzi analijua hilo kama anavyojua kwamba ana kisogo, na hulitazama mara chache vilevile.

Shida ya wakandarasi wadogo ni kwamba wenye majengo hulipa wanapojisikia. Kazi inaisha leo, malipo yanakuja baada ya kuombwa, kubembelezwa na kufukuziwa. Mafundi nao wanataka chao Jumamosi. Basi kila Ijumaa Mkurugenzi alikuwa anaingia chumba cha kushonea, anazungukazunguka, anagusagusa vitambaa asivyovijua, halafu anamwambia mke wake kwa sauti ya chini, "Mama watoto, kampuni imekwama kidogo."

Mdogo wangu alitoa. Kila mara alitoa. Tena hakuruhusiwa kuwapa mafundi mkononi. Siku moja alitaka kuwalipa mwenyewe pale mlangoni, wamalizane, Mkurugenzi akang'aka: "Mishahara ya kampuni haitoki kwenye pochi ya mwanamke! Weka kwenye akaunti ya kampuni. Mzunguko lazima uonekane." Akaweka. Pesa ya sare za shule ikaingia kwenye akaunti ya kampuni, ikatoka imeitwa mishahara, na Mkurugenzi akasimama Jumamosi na kofia yake kichwani akiigawa kwa madaha. Wenye majengo walipolipa, kwanza lilitengenezwa bango la kampuni, kisha ikaja pikapu kuukuu. Zamu ya mke haikufika.

Mwaka ule ofisi ya kodi ikawabana wakandarasi: kila aliyesajiliwa alete hesabu zilizoandaliwa na mhasibu, la sivyo anafutwa. Mkurugenzi akawa na wahasibu wawili wa kuchagua.

Wa kwanza alikuwa karibu kiasi kwamba ukipiga chafya anakusikia. Ofisi yake iko juu ya duka la magodoro, mwisho wa mtaa wetu. Ni mama wa makamo, mnene, anavua viatu ofisini na kutembea na soksi, anatafuna karanga huku anakukagulia risiti, na sauti yake haina kitasa. Akikuambia umefilisika, muuza magodoro anakupa pole ukishuka. Simtetei. Mimi mwenyewe ningefikiri mara mbili kabla ya kumpelekea siri.

Wa pili alikuwa wa mtandaoni. Hakuwa na sura wala ofisi. Unalipia kwa mwezi, unapiga picha risiti ukiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, unaituma, basi, umemaliza. Swali likija unachagua jibu kwa kubonyeza. Kila ujumbe wake ulianza na "Mpendwa Mkurugenzi", kwa sababu ndivyo shemeji alivyojaza mahali pa jina.

Alimwendea yule mama mara moja, kumpima. Alirudi amefura.

"Unajua ameniuliza nini?" alimwambia mke wake, mimi nikiwa pembeni nakata kola. "Ati, 'Mafundi wako huwa unawalipa kwa pesa ya nani?' Na mlango uko wazi!"

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Shemeji, hayo ni mambo ya kampuni."

"Na mimi nimeuliza ya kampuni."

Akasonya, akatoka. Jioni ileile akajiunga na yule wa mtandaoni. Sababu alizotupa zilikuwa nyingi: dunia imebadilika, kampuni kubwa zote zinafanya hivyo, na yeye hana muda wa kupanda ngazi za watu. Mtu anayeshinda juu ya ngazi kutwa nzima ndiye huyo hana muda wa kupanda ngazi. Sababu yenyewe niliijua. Yule wa mtandaoni hakuwa na macho ya kumtazama nayo.

Miezi ikapita, na simu ikawa inamvisha kilemba cha ukoka asubuhi na jioni. Hongera, Mpendwa Mkurugenzi, mapato yako yamepanda. Hongera, umewapita wakandarasi wengi wa kiwango chako. Alikuwa anatusomea mezani, tonge mkononi, anakatiza mazungumzo ya watu wazima ili asome sifa alizojitafutia kwa kulipia. Mimi niliendelea kula. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu alidhani kweli mambo yanamnyookea mume wake na kwamba siku moja pesa zake zitarudi.

Halafu hesabu za mwaka zikafungwa, kodi ikaja.

Aliingia chumba cha kushonea asubuhi, watu tuko katikati ya kazi, kichwa wazi bila kofia. "Nimepata faida," alisema, "mpaka serikali imenishtukia." Alikuwa anacheka, lakini mikono ilikuwa haijui pa kukaa. Kodi aliyotakiwa kulipa ilifika bei ya cherehani mbili nzima. Akakaa juu ya robota la kitambaa, akasema tungeweza kuuza hizo mbili, kwa muda tu, mpaka mwenye jengo fulani amlipe.

Wasichana wakainamisha vichwa. Kila mmoja alijua ni cherehani ya nani ingetangulia kutoka. Mdogo wangu akaondoa mguu kwenye pedali.

"Faida umepata wewe," alisema, "cherehani niuze mimi?"

"Ni mali ya familia, mama watoto."

"Iko wapi hiyo faida?"

Akafungua simu amwonyeshe. Mimi ndiye niliyeichukua mkononi mwake, kwa sababu mdogo wangu ana adabu na mimi sina. Nikateremsha kidole. Mapato, mapato, mapato, na yote ya Ijumaa. Pesa za sare, pesa za mashuka ya zahanati, pesa tulizozitolea jasho mpaka migongo ikakataa kunyooka, zote zimeandikwa kuwa malipo aliyopewa Mkurugenzi kwa kupaka rangi! Wala halikuwa kosa la simu. Simu ilimuuliza kila mara, kwa heshima zake zote: pesa hii ni malipo ya kazi, au ni mkopo? Akichagua mkopo, ilimtaka aandike jina la aliyemkopesha. Mwaka mzima, Ijumaa baada ya Ijumaa, mwanaume mzima na ndevu zake alipaona mahali pa kuandika jina la mke wake, akabonyeza malipo ya kazi.

Nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa.

Tukaenda kwa mama wa karanga mchana uleule, wote watatu. Mkurugenzi alitangulia mbele, mbali kidogo na sisi, ili aonekane anapita zake. Mhasibu alitupa viti, akaichukua simu, akaipitia huku anatafuna, halafu akacheka mpaka akajipiga paja.

"Bwana mkubwa, umejipalia makaa! Hapa hukupata faida yoyote. Hapa ulikuwa unakopa kwa mkeo, na sasa unataka kuulipia kodi huo mkopo."

"Punguza sauti," Mkurugenzi alisema, akitazama sakafu, kwa kuwa chini ya sakafu ile alikuwepo muuza magodoro.

"Inarekebishika, usiogope. Tunapeleka hesabu mpya, tunaambatisha taarifa za benki za mama zinazoonyesha pesa imetoka kwake. Kodi inabaki kidogo tu. Wewe unasaini tamko." Akaliandika palepale, akamgeuzia Mkurugenzi karatasi. Maneno yalikuwa machache: kwamba pesa zilizotajwa si mapato ya kampuni bali ni mkopo kutoka kwa mke wake, mshonaji, na kwamba bado hajaulipa.

Mkurugenzi akachukua kalamu. Nikasema moyoni, haya, leo ataweza. Alisoma, akarudia kusoma, midomo inacheza.

"Haiwezi kuandikwa mwekezaji?" aliuliza.

"Mwekezaji gani?"

"Mwekezaji tu. Asiyetaka kutajwa."

Mhasibu akaacha kutafuna. "Mwekezaji wako amekaa hapo pembeni yako."

"Basi angalau hilo neno mshonaji litolewe."

Mdogo wangu alikuwa amepakata mkoba wake. Mikono ya gauni lake ilikuwa na nyuzi za buluu, maana tulitoka mbio hata kujipukuta hatukujipukuta. Alisema taratibu, "Saini, baba watoto. Hakuna atakayeisoma ila watu wa kodi."

"Watu wa kodi wanajuana na watu wa tenda. Kesho nikiomba kazi wataniitaje? Mkandarasi anayelishwa na cherehani?" Akaiweka kalamu mezani, kwa uangalifu, sambamba kabisa na ukingo wa karatasi. "Mimi nabaki na mhasibu wangu wa mtandaoni. Hesabu zibaki zilivyo. Kodi nitalipa, kwani nimeshindwa?"

"Lipa," alisema mdogo wangu.

Chini tulimsikia muuza magodoro akimsihi mteja ajilaze aone. Mkurugenzi akakohoa, akavuta kiti chake karibu na cha mke wake, akatoa ile sauti yake ya Ijumaa.

"Sasa mama watoto, si ndiyo maana tukazungumzia zile cherehani mbili?"

Watu nimewachukia, na watu nimewaonea huruma. Pale nilimdharau shemeji yangu bila hata hasira, kama unavyokidharau kiatu kilichokwisha soli, unajua tu kwamba hakiendi popote. Angeweza kuziokoa cherehani kwa saini moja. Aliona heri tuuze riziki yetu kuliko aandikwe kwamba riziki hiyo ndiyo iliyomsimamisha.

Mdogo wangu hakulia wala hakupaza sauti. Alifungua mkoba, akatoa kitambulisho chake, akakiweka mezani juu ya lile tamko.

"Mama," alimwambia mhasibu, "nifungulie faili langu mimi. Andika cherehani zote nne. Na zile pesa zilizokwenda kwake, andika kwangu kwamba nadai."

"Nikiandika kwako kwamba unadai, watu wa kodi watakwenda kumuuliza yeye."

"Wamuulize."

"Mama watoto, hili tungelizungumza nyumbani," Mkurugenzi alisema.

"Nyumbani utauza pikapu," alijibu bila kugeuka. "Cherehani haitoki hata moja."

"Zikishaandikwa jina lako haziuzwi na mtu," mhasibu alisema kwa sauti yake ileile ya kusikika hadi barabarani, na kwa mara ya kwanza niliipenda. Akafuta vidole kwenye sketi, akavuta fomu mpya, akaanza kuuliza na kujaza. Jina. Kazi, ushonaji. Mahali pa kazi. Ameolewa, ndiyo. Mkurugenzi alikuwa bado kitini, hajui aondoke au abaki, akawa anaifuata kalamu kwa macho.

"Wanaokutegemea ni wangapi?"

"Wawili," Mkurugenzi alidakia, akijiweka sawa kitini. "Tuna watoto wawili."

Mhasibu hakumtazama. Alikuwa ameishika kalamu hewani, anamsubiri mdogo wangu.

"Watatu," alisema mdogo wangu. "Wawili bado wanasoma."