Odeta Alivyoukimbiza Mtaa

Kama umewahi kukaa Buswelu kwetu huku juu, kwenye viwanja vya mwisho kabla ya mashamba, Odeta unamjua. Ni yule mama mrefu anayepika uji wa shule ya msingi, ambaye watu walimzoea kunapopambazuka akikimbia na raba nyeupe kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Kwao ni Ukerewe. Aliolewa huku na Venant, fundi baiskeli, mwanaume mpole ambaye ukimpelekea habari mbaya anakuuliza kwanza kama umekula.

Mbio alizianza kwa sababu ya presha. Daktari alimwambia atembee. Yeye akaona kutembea anatembea kutwa, bora akimbie. Wanawake tulicheka mpaka tukachoka. Lakini presha ikashuka, na kumbe mwenzetu akawa amezipenda zile mbio zenyewe. Aliniambia siku moja, "Mama Paulo, nikiwa nakimbia hakuna anayeniita." Nikamwelewa. Nyumbani anaitwa na mume, anaitwa na binti yake Queen, shuleni anaitwa na walimu na watoto wote wenye vikombe. Pale njiani tu ndipo jina lake linapumzika.

Masika ndiyo iliharibu. Mwaka huu mvua ilipiga mpaka njia ya bondeni ikakatika, likabaki korongo. Odeta akasema nitapumzika wiki hii. Wiki ikavuta nyingine. Mvua zilipokwisha, raba zilikuwa zimeota ukungu uvunguni, na mwenye raba ameota kitambi.

Siku aliyorudi, hakufika hata mlimani. Zamani alikuwa anaupanda ule mlima wetu wa mawe bila kusimama, anagusa jabali la juu, anageuka. Safari hii alifika kwenye kona ya kanisa, akakaa juu ya tofali, mdomo wazi. Wanafunzi wanaowahi shule wakawa wanapita. "Shikamoo mama. Mama, unaumwa?"

Hilo swali ndilo lilimmaliza. Alikuja kwangu amekunja uso.

"Hii miguu ni yangu au nimeazimwa?"

"Ni yako. Imenenepa tu," nikamwambia.

"Venant anasema niache. Anasema umri. Sasa nikiacha, mama Paulo, mimi nitakuwa na nini cha kwangu?"

Nilimpa chai.

Akaamua mwenyewe, bila kuniuliza, na ndiyo maana yakatokea yaliyotokea. Aliamua atatoka kabla hakujapambazuka, ili akisimama kuhema asionwe na mtu. Kwa vile asubuhi kuna baridi, akavaa koti jeusi la mvua la Venant, lile lenye kofia. Na kwa vile njia ya bondeni haipo, akapita njia ya juu, kwenye nyumba mpya, ambako watu wamehamia juzijuzi na hawamjui Odeta wala raba zake.

Sasa nikueleze kitu kimoja kwa wewe usiye wa huku. Sisi tuna mwano. Mwano ni yowe la kuitana: mwizi kaingia, ng'ombe kaibiwa, mtu kavamiwa. Ukiusikia hukai ndani. Unatoka na ulichonacho, unakimbilia wanakokimbilia wenzako, maswali mtaulizana mkifika. Asiyetoka ataitwa mbele ya sungusungu, walinzi wetu wa mtaa, aeleze alikuwa anamficha nani. Na wiki hiyohiyo mzee Shimba, aliyehamia kutoka Usagara na ng'ombe zake, alikuwa ameibiwa ndama. Watu walikuwa wanalala masikio yamesimama.

Basi mzee Shimba katoka kukamua maziwa. Giza bado. Anaona mtu anapita mbio, koti jeusi, anahema kama anakata roho. Anamwita, "Kuna nini? Wameelekea wapi?"

Odeta pumzi ya kujibu hana. Akainua mkono kumsalimia mzee, mkono wenyewe ukaelekea mbele, kule mlimani.

Mzee Shimba akaacha ndoo hapohapo, akapiga mwano.

Wallahi mimi niliruka kitandani kabla sijaamka. Nilitoka na mwiko. Usinicheke, ndio uliokuwa karibu. Nje watu wanamiminika, huyu na rungu, huyu na mchi, filimbi zinalia, mbwa wanabweka bila kujua wanambwekea nani. "Wapi?" "Mlimani!" "Wangapi?" "Wengi!" Nani aliwahesabu hao wengi, mpaka leo sijui.

Na Odeta je? Hapo ndipo mambo yalipochanganyika kabisa. Anasikia mwano nyuma yake. Anageuka, anaona mtaa mzima unakuja na marungu. Mtu mwingine angejitupa kichakani. Yeye akafikiri: mwizi lazima yuko mbele, na mimi ndiye niliye karibu naye. Nikisimama sasa, watasema nimemwachia. Akakaza.

Kwa hiyo Odeta anakimbia kwa sababu ya watu, na watu wanakimbia kwa sababu ya Odeta. Kona ya kanisa ikapita. Tofali lile likapita. Mlima ukaja, akaupanda, mawe yanateleza, koti linapepea, na sisi nyuma tunapiga kelele, "Kamata! Usimwache!" Vijana walishindwa kumfikia. Mimi nilishindwa mapema, lakini nilifika.

Juu kwenye jabali alikuwa amesimama, mkono kwenye jiwe, anatazama huku na huku. Ziwa lilikuwa limeanza kuonekana kwa mbali. Mtu mwingine hakuwepo.

Chenge, kamanda wa sungusungu, akafika na rungu lake juu. "Yuko wapi?"

"Mimi sijamwona," Odeta akasema. "Nyie mlimwona amepita wapi?"

"Sisi? Sisi tulikuwa tunakufuata wewe!"

"Mimi nilikuwa nakimbia kwa sababu yenu!"

"Wewe si ndiye ulikuwa unamfukuza?"

"Nani?"

"Mwizi, mama!"

"Mwizi gani?"

Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akachungulia nyuma ya jabali, labda mwizi kajibanza. Alikuta mbuzi wa mtu. Venant naye alikuwa amefika, kavaa ndala tofauti. Akamtazama mkewe, akatutazama sisi, akauliza, "Mama Queen, hilo si koti langu?"

Jioni Odeta na mzee Shimba wakaitwa mbele ya sungusungu. Mwano wa bure siyo mchezo kwetu, lazima mtu asimame aeleze. Mzee Shimba akaeleza kwamba ameonyeshwa njia kwa mkono. Odeta akasema, "Nilikuwa nakusalimia, mzee wangu."

"Ndiyo unasalimia watu hivyo, unakimbia?"

"Nilikuwa kwenye mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

Mzee Shimba akageuka kwa kamanda. "Sijaelewa. Anakimbia ili aweze kukimbia?"

Watu wakacheka, lakini Chenge hakucheka. Alisema kuanzia sasa ni marufuku mtu kukimbia mtaani kabla ya jua. Kwa wengi haikuwa neno. Ila jua likichomoza Odeta tayari yuko shuleni anakoroga uji, na jioni anakoroga wa kwake. Akikatazwa alfajiri, amekatazwa moja kwa moja. Nilimwona akiukaza mkoba wake kifuani.

"Kamanda," akasema, "kosa langu ni kukimbia, au ni kukimbia kimya?"

Chenge akakuna kidevu. "Eleza."

"Ningepita nasema ni mimi, mzee Shimba angepiga mwano?"

"Asingepiga."

"Basi nitasema."

Wakabishana pale mpaka wakachoka. Mwisho wakakubaliana: atakimbia, lakini koti jeusi abaki nalo Venant, na kila kona atoe sauti ijulikane ni nani na anafanya nini. Siku akipita kona kimya, na mbio ziishie siku hiyo.

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia, "Si umeupanda mlima lakini! Miguu imerudi."

Alikunja uso. "Sijui. Niliupanda mimi au niliupandishwa na mwano? Maana leo hata ngazi ya kanisani inanishinda." Kweli, alikuwa anachechemea.

Akapumzika siku mbili tatu, halafu alfajiri moja akatoka. Nilikuwa macho kitandani. Sauti ikapita kwenye ukuta wangu, "Ni mimi Odeta! Mazoezi!" nzima kabisa, kama ya muuza samaki. Kwa mzee Shimba ikawa imekatika: "Ni mimi... Ode... mazo..." Nikasikia mzee anajibu, "Pita, mama! Mazoezi ya nini lakini?" Hakujibiwa. Kona ya kanisa sauti ikaja kidogo sana, kama mtu anayenong'ona kisimani. Halafu kimya.

Kimya kile kilinitoa kitandani. Nikasimama mlangoni. Chenge naye alikuwa kasimama kwake, ng'ambo ya njia, filimbi mkononi, haelewi apulize au asipulize. Tulitazamana. Amekaa kwenye tofali? Amegeuka? Ndiyo basi, imekwisha?

Mlimani juu mtu akaita. Siyo jina, siyo mazoezi, ni yowe tu moja refu, limechoka.

"Huo ni mwano?" Chenge akaniuliza.

"Mimi nitajuaje?" nikasema. "Wewe si ndiye kamanda?"

Akaiweka filimbi mfukoni, akaingia ndani. Odeta alirudi anatembea, amelowa jasho, anatabasamu kama mtu aliyeota kitu na amekisahau. Nikamuuliza umefika? Akasema amefika. Umesimama njiani? Akasema hakumbuki.